Wajane Waliosahauliwa Yerusalemu: Uchambuzi wa Kisa cha Karama na Huduma

Kisa ninachokichambua hapa kimeandikwa katika mistari saba tu, mwanzoni mwa sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, na kwa sababu ya ufupi wake wengi wetu hukipita haraka tukielekea kwenye habari za Stefano na mawe yaliyomuua. Nami nilikisoma hivyo kwa miaka mingi. Kilichonirudisha kwenye mistari hiyo ni jambo lililotokea katika usharika wetu, ambalo nitalieleza mahali pake. Lakini nataka msomaji akione kwanza kisa chenyewe, kwa kuwa naamini ni vigumu kupata sehemu nyingine ya Agano Jipya ambapo swali la karama na huduma linajibiwa kwa vitendo namna hii, ingawa neno "karama" lenyewe halitajwi ndani yake hata mara moja.

Tatizo lilivyokuwa

Mahali ni Yerusalemu, na wakati ni miaka ya 30 ya karne ya kwanza, si muda mrefu baada ya Pentekoste. Kundi lililoanza na watu wapatao 120 liliongezewa watu wapatao 3,000 kwa siku moja, na kabla ya kufika sura ya 6 Luka, mwandishi wa kitabu hiki, ameshataja hesabu ya wanaume wapatao 5,000. Waumini waliokuwa na viwanja au nyumba waliviuza wakaileta thamani yake miguuni pa mitume, na kila mtu akagawiwa kwa kadiri ya mahitaji yake. Barnaba, Mlawi mzaliwa wa Kipro, anatajwa kwa jina kuwa mmoja wa waliofanya hivyo. Kutokana na mali hiyo palikuwa na mgao wa kila siku kwa wajane wasio na mtu wa kuwatunza, jambo lililokuwa na mizizi mirefu katika Torati, ambayo mara kwa mara humtaja mjane pamoja na yatima na mgeni kama watu ambao shamba la mwenzao halipaswi kuvunwa mpaka suke la mwisho bila kuwafikiria.

Ndipo yakatokea manung'uniko. Wayahudi wa Kiyunani, yaani waumini wa Kiyahudi waliokulia katika miji ya mbali na kuzungumza Kiyunani, waliwalalamikia Waebrania, wenyeji waliosema Kiaramu, kwamba wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika huduma ile ya kila siku.

Watu hawa hawakuwa wachache wala wapita njia. Mwaka 1913 wachimbaji wa mambo ya kale walipata Yerusalemu jiwe lililoandikwa kwa Kiyunani, likieleza kwamba kuhani mmoja aitwaye Theodotos, mwana wa Vettenos, mkuu wa sinagogi, alijenga sinagogi kwa ajili ya kusomea Torati na kufundishia amri, pamoja na vyumba na maji kwa ajili ya wageni watokao ugenini. Luka naye, katika sura hii hii ya 6, anataja sinagogi la watu waliotoka Kirene na Iskanderia na kwingineko. Inaelekea wengi walikuja wakiwa watu wazima, mume na mke, wakitaka kumalizia siku zao karibu na Hekalu na kuzikwa katika ardhi hiyo. Mume akifariki, mke alibaki katika mji ambao hakuzaliwa, watoto wako Iskanderia, shemeji hayupo, jirani anamsalimia kwa lugha ambayo yeye anaitikia kwa shida. Mjane wa Kiebrania akipungukiwa alikuwa na kaka, binamu, au angalau mtu wa ukoo wa kumsemea. Huyu wa pili alikuwa na kanisa peke yake.

Luka hasemi ni kwa nini walisahauliwa. Hataji wizi wala chuki, na sisi tusiongeze kisichoandikwa. Lakini kitenzi alichokitumia kwa Kiyunani kinaonyesha jambo lililokuwa likiendelea siku baada ya siku, na maana yake inakaribia kupitwa na macho ya mtu anayetazama upande mwingine. Kila aliyewahi kusimamia mgao anaijua hali hiyo. Mgawaji huanza na anaowajua, kwa sababu majina yao yanamjia haraka. Anayejua kuuliza hupata. Anayenyamaza huonekana kama hana shida. Mwisho wa siku kapu ni tupu na mgawaji anakwenda kulala na dhamiri safi, akiwa hajui kwamba kuna mtu amerudi nyumbani mikono mitupu kwa siku ya nne mfululizo. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko wizi kwa namna moja: mwizi akikamatwa hutubu, bali mtu aliyesahau hana habari kwamba kuna la kutubia.

Neno "huduma" na neno "karama"

Mitume walikuwa na njia rahisi ya kulizima jambo hili. Katika Agano la Kale manung'uniko ya Israeli jangwani ni dhambi iliyoadhibiwa, na kiongozi mwenye hasira angeweza kuwakumbusha wajane wale jangwa la Sini na kuwataka wakaombe wakiwa na shukrani. Hakuna lolote la namna hiyo. Wale Thenashara, yaani mitume kumi na wawili, waliwaita wanafunzi wote, wakalitaja tatizo waziwazi, wakakubali bila kujitetea kwamba utaratibu uliopo haufai. Haikuulizwa nani aliyeanzisha maneno. Kwangu hilo pekee ni fundisho kubwa kwa mabaraza yetu ya wazee, ambayo mara nyingi hutumia saa mbili kumtafuta aliyelalamika na dakika tano kwa lile alilolalamikia.

Kisha wakasema maneno ambayo yametumika vibaya kuliko yote katika kisa hiki, kwamba haipendezi wao kuliacha neno la Mungu na kuhudumu mezani. Nimesikia mahubiri yaliyojengwa juu ya sentensi hiyo ili kuonyesha kwamba kanisani kuna kazi za kiroho na kazi za kawaida, na kwamba mtu akikomaa hupanda kutoka hizi za chini kwenda zile za juu. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa maana Biblia yake inamzuia asipotee kama akisoma kwa utulivu. Wajane walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawawezi kuhudumu mezani. Nao watadumu katika kuomba na kulihudumia Neno. Ni mzizi mmoja mara tatu, na Kiyunani kina mzizi mmoja vilevile mahali pote patatu. Mkate unahudumiwa na Neno linahudumiwa. Mitume hawakusema kwamba meza haistahili wao. Walisema kwamba wao wakiishika meza, huduma nyingine waliyokabidhiwa itaanguka, na meza yenyewe haitahudumiwa vizuri, kama ilivyokwisha kuonekana.

Petro alikuwa mmoja wa hao kumi na wawili. Katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anawaambia waumini kwamba kila mmoja, kwa kadiri alivyoipokea karama, aitumie katika kuhudumiana, kama mawakili wema wa neema mbalimbali za Mungu, na mara baada ya hapo anazigawa karama katika mafungu mawili tu: mtu akisema, na mtu akihudumu. Kila ninaposoma hapo naona kivuli cha siku ile ya Yerusalemu. Fungu la pili halikutajwa kama nyongeza. Na neno "wakili" lina uzito wake, kwa kuwa wakili wa nyumba ndiye aliyeshika funguo za ghala la mtu mwingine. Chakula kilichomo si chake, naye ataulizwa kama watu wa nyumba ile walikula.

Niruhusiwe kusema kidogo juu ya neno "karama" lenyewe. Limetujia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili ndugu zake ni karamu, ukarimu, mkarimu, takrima na kukirimu. Paulo anapoorodhesha karama katika Warumi 12, Biblia ya Kiswahili inamtaja "mwenye kukirimu" palepale kati ya mwenye kuonya na mwenye kusimamia. Lugha yetu, bila kupanga na mtu yeyote, imekiweka kipawa cha Roho katika ukoo mmoja na chakula anachowekewa mgeni. Sitaki kujenga mafundisho juu ya asili ya neno, lakini mtu akiniambia kwamba karama yake haihusiani na sahani ya mtu mwingine, sikio langu la Kiswahili linakataa.

Sifa za wagawaji

Tuje kwenye kiini. Watu saba watafutwe, wasimamie mgao wa chakula. Kwa kazi hiyo sisi tungetafuta mtu mwaminifu, anayejua hesabu, mwenye nafasi, ikiwezekana mwenye gari. Mitume walitaja mambo matatu: wawe watu walioshuhudiwa kuwa wema, waliojawa na Roho, na wenye hekima. Kushuhudiwa kuwa wema tunaelewa mara moja, kwa kuwa mali ya wengine itapita mikononi mwao. Lakini kwa nini ajazwe Roho mtu wa kugawa mkate?

Jibu la swali hilo sikulipata katika vitabu vya maelezo. Usharika wetu, ulio mjini, uliwahi kufanya semina ya karama ya siku tatu, nami nilikuwa mmoja wa walioiongoza. Tuligawa karatasi zenye orodha ya karama, tukawaomba washiriki waweke alama ya vema mbele ya ile ambayo kila mmoja aliiona kuwa yake. Mama mmoja ambaye kila alfajiri huuza vitumbua kituo cha daladala alirudisha karatasi yake ikiwa tupu. Nilimwambia kwa upole kwamba asiwe na haraka, aendelee kuomba, Mungu atamfunulia. Akaitikia, "Amina, mzee," kisha akaenda jikoni kuosha vikombe tulivyokuwa tumenywea chai.

Desemba ya mwaka huo tuligawa chakula kwa wazee na wajane: unga, maharage, mafuta ya kula na mche mmoja wa sabuni kwa kila mtu. Majina yalisomwa kwa kipaza sauti baada ya ibada, na aliyesikia jina lake alikuja mbele kupokea huku watu wakipiga makofi. Palikuwa na bibi mmoja aliyeletwa mjini kutoka mkoa wa Dodoma na binti yake, na binti huyo alikuwa ameshafariki, bibi akabaki kwa mkwewe. Jina lake halikuwamo. Orodha ilitokana na fomu zilizotangazwa kwa Jumapili tatu, kwa Kiswahili, na Kiswahili cha bibi huyu hakivuki salamu. Alikaa kwenye benchi la nyuma mpaka jina la mwisho liliposomwa, akashika fimbo yake, akaondoka. Sisi tuliokuwa mbele hatukumwona. Mama wa vitumbua alimwona.

Siku ya pili yake alinijia akasema, "Mzee, yule bibi wa Kigogo hakupata kitu. Naomba fungu lake nimpelekee." Nilifuatana naye kwa kuwa nilitaka kujua nyumba. Kwanza aliutoa unga katika mfuko tulioupiga chapa ya usharika, akautia katika mfuko mweupe, akauweka ndani ya kapu la ukindu na kulifunika kwa khanga. Nilipomuuliza sababu akanijibu kwamba majirani wakiona mfuko wa kanisa watamsema mkwe kuwa ameshindwa kumlisha mama yake mzee, na lawama hiyo itamrudia bibi ndani ya nyumba. Tulipofika aliketi kwenye kigoda, wakaanza kuzungumza Kigogo, na kwa muda mrefu mazungumzo yalikuwa ya mguu wa bibi uliokuwa umevimba. Chakula hakikutajwa. Baadaye aliomba ndoo, akaumimina unga mwenyewe, akaukung'uta mfuko mpaka mwisho, akaukunja na kuurudisha kapuni. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa sababu chumba hakikutosha watu watatu, na nilimwona akitupa jicho mara moja tu kwenye jiko la mkaa lililokuwa pembeni, limejaa majivu ya zamani. Hakusema neno. Kesho yake alimpelekea mkaa.

Hapo ndipo nilipoelewa mstari wa 3. Kumpa mtu chakula ni kazi inayoweza kumjeruhi anayepokea. Panahitajika jicho la kumwona asiyejitokeza, ulimi wa kujua la kusema na la kunyamazia, na uvumilivu wa kukaa na mguu uliovimba wakati kichwani una nyumba nyingine tisa za kupitia. Panahitajika pia moyo usiotaka kushukuriwa hadharani, jambo ambalo nafsi zetu haziliwezi kwa nguvu zake. Yote haya Maandiko huyaita kwa majina: kurehemu kwa furaha, kukirimu kwa moyo mweupe, masaidiano. Yalikuwamo katika orodha niliyoigawa kwenye semina, lakini tuliyaandika mwishoni na kuyapitia kwa dakika chache kabla ya chakula cha mchana, baada ya kutumia siku mbili nzima juu ya unabii, lugha na uponyaji. Yule mama hakukosa karama. Mimi niliyeshika orodha ndiye niliyekosa kuijua nilipoiona, na namshukuru Mungu kwamba bibi yule hakuachwa angoje hadi mimi nielewe.

Ndiyo maana sasa naona tunakosea mahali pa kuanzia. Tunamwuliza muumini, "Karama yako ni ipi?" na swali hilo linamgeuza ajitazame mwenyewe. Yerusalemu halikuulizwa swali hilo. Palikuwa na wajane wenye njaa, kanisa likaulizwa ni nani miongoni mwao anayefaa kusimama hapo, na majibu yakatoka kwa watu waliowafahamu hao saba katika maisha ya kila siku. Mhitaji ndiye aliyeifunua karama. Stefano hakujitangaza.

Majina saba, na mikono

Mkutano ukawachagua Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, mwongofu wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Jina peke yake si ushahidi kamili, kwa maana hata kati ya wale Thenashara, Andrea na Filipo walikuwa na majina ya Kiyunani nao ni watu wa Galilaya. Lakini saba kati ya saba, na mmoja wao hata hakuzaliwa Myahudi, ni vigumu kuliita jambo la bahati. Inaonekana kanisa lililokuwa na Waebrania wengi lilichukua mfuko wote, wa wajane wa pande zote mbili, likauweka mikononi mwa watu wa upande uliolalamika. Hakukuwa na kamati ya uwiano. Waliamini kwamba mtu anayejua uchungu wa kusahauliwa hatamsahau mwenzake, na hatusomi popote kwamba wajane wa Kiebrania walilala njaa baada ya hapo.

Kisha mitume wakaomba, wakaweka mikono juu yao. Namsihi msomaji asilipite tendo hili. Mikono ileile iliyoombea wagonjwa iliwekwa juu ya watu wanaokwenda kusimamia mkate. Baada ya yale niliyosimulia, baraza letu lilikubali kwamba mama wa vitumbua na wenzake wanne wapite nyumba kwa nyumba badala ya sisi kutangaza fomu, na utaratibu huo unaendelea mpaka leo. Hoja yangu kwamba waitwe mbele ya usharika, waombewe na kuwekewa mikono, ilikataliwa kwa maelezo kwamba tendo hilo ni la wachungaji na wainjilisti. Sijakubaliana na maelezo hayo, na nitaendelea kuirudisha hoja hiyo kila mwaka, kwa sababu mstari wa 6 uko wazi.

Luka anafunga kisa kwa kusema kwamba Neno la Mungu likaenea, hesabu ya wanafunzi ikazidi sana, na jamii kubwa ya makuhani wakaitii imani. Makuhani walikuwa watu wa madhabahu na sadaka; Torati ilikuwa imewafundisha maneno ya Mungu juu ya mjane tangu utoto. Siwezi kuthibitisha kwamba ni meza iliyorekebishwa ndiyo iliyowavuta, lakini Luka ameyapanga mambo hayo kwa mfuatano huo, wala hakuwa mwandishi wa kupanga ovyo.

Wapo wasomi wanaopinga usomaji huu. Wanasema Luka anafunika mgawanyiko mkubwa zaidi kati ya makundi mawili, kwamba wale saba walikuwa viongozi kamili wa waumini wa Kiyunani, na wanauliza kwa nini hatuoneshwi hata mara moja mmoja wao akigawa chakula, bali tunawaona Stefano na Filipo wakihubiri. Swali ni la haki. Naafiki kwamba tofauti ya lugha ilibeba mambo zaidi ya mkate, na kwamba maandiko hayawaiti hao saba mashemasi, ingawa kanisa la baadaye liliona hapo chanzo cha ushemasi. Lakini kusema kwamba hawakugawa kwa sababu Luka hakuwaonyesha wakigawa ni kudai mengi kutokana na kimya. Prokoro, Nikanori, Timoni na Parmena hawatajwi tena popote katika Agano Jipya. Waliwekewa mikono, wakaingia kazini, na kalamu ikawaacha. Kwa jinsi ninavyomfahamu mama wa vitumbua, kimya hicho hakinishangazi. Huduma ya namna hiyo ikifanyika vizuri haiachi habari ya kuandika, kwa kuwa habari ilikuwa ni njaa, na njaa haipo tena.

Filipo baada ya meza

Kuhusu Filipo tumeachiwa mengi zaidi, na humo kuna jambo ambalo ningependa kulikazia. Stefano alipouawa na waumini kutawanywa, Filipo alishukia Samaria, kwa watu ambao Wayahudi hawakuchangamana nao. Kisha akaelekezwa kwenye barabara iteremkayo kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, akamkuta mtu wa Kushi, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Kushi, ambaye alikuwa amekwenda Yerusalemu kuabudu. Mtu huyo alikuwa towashi, na kwa Kumbukumbu la Torati 23 towashi hakuruhusiwa kuingia katika mkutano wa Bwana. Wajane wa Kiyunani, Wasamaria, towashi: wote ni watu waliokuwa pembeni ya macho ya wengine. Huu ni usomaji wangu, Luka hausemi waziwazi, lakini sioni kama Filipo alibadilisha kazi alipotoka mezani. Jicho lililozoea kumtafuta mjane asiyejitokeza liliendelea kutafuta barabarani, na ulimi uliozoea kuanza na habari za aliyeketi mbele yake ulianza na andiko ambalo mtu yule alikuwa akilisoma tayari.

Na ni katika Samaria hiyohiyo ambapo tunakutana na Simoni, aliyekuwa akifanya uchawi na kujiita mtu mkubwa. Alipoona kwamba watu wanapokea Roho kwa kuwekewa mikono na mitume, alileta fedha akaomba auziwe uwezo huo. Petro alimkemea kwa ukali kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye, kwa kuwa alidhani karama ya Mungu yapatikana kwa mali. Nalitaja hapa kwa sababu katika miji yetu leo kuna mahali ambapo maombezi yana bei, maji na mafuta ya upako yanauzwa kwa chupa, na kumwona mtumishi ana kwa ana ni kwa anayeweza kulipa. Mjane wa sura ya 6 asingepita mlango huo. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia, wala sikioni kuwa kigumu kwa muumini yeyote: nenda mahali karama inapotumika, utazame aliyekuja mikono mitupu amepokelewa namna gani.

Filipo alihubiri katika miji ya pwani kuanzia Azoto, akafika Kaisaria, na hapo hatumsikii kwa miaka ipatayo ishirini. Anaonekana tena katika sura ya 21, mnamo mwaka 57, Paulo alipokuwa njiani kwenda Yerusalemu kwa mara ya mwisho akiwa na wenzake, na Luka mwenyewe akiwa mmoja wao. Anaandika kwamba waliingia nyumbani mwa Filipo, mhubiri wa Injili, wakakaa kwake siku kadhaa, na kwamba alikuwa na binti wanne, mabikira, waliokuwa wakitabiri. Kwa hiyo katika nyumba ile karama za kusema zilikuwamo tele. Lakini Filipo aliwapokea wageni kama mwenyeji, akawalaza, akawalisha, na mgeni mkuu kati yao ni mtu ambaye wakati mmoja mashahidi waliompiga Stefano mawe waliweka nguo zao miguuni pake. Stefano alikuwa mwenzake Filipo. Majina yao yanafuatana katika orodha. Luka, aliyekula katika meza hiyo, alipotaka kumtambulisha mwenyeji wake hakuona kwamba cheo cha mhubiri wa Injili kinatosha. Akaongeza kwamba huyu alikuwa mmoja wa wale saba.